Gitaa Linalokohoa

Mimi nina hasira. Sisemi hivi kwa kujisifu, nakwambia mapema ili usije ukanihurumia njiani halafu ukajuta. Lakini nina sikio pia. Kwetu Iyula hakuna anayebisha: Tuntufye akisema uzi umeshuka, basi umeshuka, kaza. Miaka tisa nilipiga gitaa kwenye baa za Kitwe, ng'ambo huko Zambia, na hata walevi wa kule walilijua sikio langu. Nilijivunia sikio hilo kuliko kitu chochote nilichopewa na Mungu, na ndilo lililoniponza.

Kaka yangu Sadoki aliuawa mwaka jana mwezi wa saba, watu wakiwa kwenye kuchuma kahawa. Alikuwa anarudi nyumbani kwa miguu kutoka mazoezi ya kwaya, saa kumi na moja jioni, jua bado liko juu, gitaa mgongoni. Walimtokea shambani, wawili au watatu, hakuna ajuaye, wakampiga nondo ya kichwa. Hawakumpiga mara moja. Nilipofika hospitali kutoka Kitwe, kichwa kilikuwa kimevimba mpaka masikio yamezama, na damu ilikuwa inatoka puani kila akivuta pumzi. Alikaa siku tatu akafa bila kufumbua macho. Walichukua simu, viatu na gitaa. Viatu vilikutwa mtaroni, nadhani havikuwatosha, mbwa wale. Gitaa halikuonekana.

Lilikuwa gitaa la baba, gitaa kavu, lile lisilotaka umeme. Sisi wote wawili tulijifunzia hilo hilo. Nikiwa na miaka kumi na miwili lilianguka kutoka kwenye baiskeli, tumbo likapasuka, na baba akalia mbele ya watoto. Sadoki alikuwa na kumi na sita. Akalichukua, akajifungia nalo chumbani wiki nzima. Alichonga ubavu mwembamba kutoka kwenye mti mzee wa mkahawa ulioong'olewa, akaugundisha kwa ndani, chini ya ule ufa. Pale juu ya daraja, nyuzi zinapoegemea, akaweka mfupa wa mguu wa ng'ombe alioupika na majivu mpaka ukawa mweupe. Gitaa likapona. Ila lilipona na kitu kipya: ukipiga uzi wa tano, linakohoa. Kikohozi kidogo tu, kikavu, kh, halafu ndipo linaimba, na likishaimba sauti inakaa hewani mpaka unachoka kuisubiri iishe. Utoto wangu wote nimelala na kuamka na sauti ile.

Siku ya mazishi nilisimama kando ya kaburi nikaapa mbele ya watu wote, mchungaji akiwemo, kwamba nitalisikia gitaa lile tena, na nitakayemkuta nalo nitamvunja. Mchungaji aliniambia nikae chini. Sikukaa.

Sikurudi Kitwe tena. Nilibaki Iyula kwa shemeji yangu Ruti, mjane wa Sadoki, nikamsaidia mahindi na kahawa. Lakini muziki niliukataa. Kwaya ikienda kuimba Ihanda, mimi nabaki shambani. Kwaya ya kijiji cha Ruanda ikija kanisani kwetu, mimi nimeshatoka nje kwa mlango wa nyuma. Moyo haukutaka kusikia gitaa la mtu yeyote. Likumbuke hilo, maana ubaya ulianzia hapo.

Mwaka huu, mwezi wa sita, kwaya ilichoka kuimba bila gitaa. Ruti ndiye kiongozi wao, akaja jikoni akanikuta nakoka moto.

"Shemeji, kwaya imechanga. Mimi gitaa sijui kulichagua, wewe unajua. Kesho twende Tunduma."

"Mimi sitaki habari za magitaa."

"Sikukuuliza unataka nini. Nimekwambia kesho."

Ruti ni mwembamba, lakini akishasema amesema. Nikakubali. Na kusema kweli nilikubali kwa sababu nyingine ambayo sikumwambia. Niliamini kuwa kitu kikiibwa huku kwetu, kama hakijavuka mpaka, kiko Tunduma kinasubiri kuvuka. Mfukoni niliweka kisu. Kilikuwa cha kumenyea viazi, lakini nilikinoa.

Tukafika saa nne asubuhi. Malori yamepanga foleni mpaka macho yanachoka, madereva wanapiga mswaki kando ya matairi, wabadilisha fedha wanapunga kwacha, vumbi kila mahali. Tukaulizia magitaa, tukaelekezwa duka moja nyuma ya gereji. Mwenye duka alikuwa mzee mzee wa miaka hamsini na kitu, mtu wa Tanga kwa asili, kofia kichwani, ndevu zimechanganyika. Anaitwa Abdulswamad. Aliuza redio na spika, na ukutani alikuwa ametundika magitaa makavu kama saba.

"Karibu mama, karibu kaka. La kanisani?"

"La kanisani," Ruti akasema. "Bei gani lile jekundu?"

"Aka! Bei baadaye, mama yangu. Mimi siuzi gitaa kwa mtu ambaye hajalisikia. Geukeni ukutani."

"Tugeuke?"

"Mgeuke. Macho yanapenda rangi, yatawadanganya. Mimi nitapiga kitu kile kile kwa kila gitaa, nyinyi mnaniambia la ngapi. Wateja wangu wote nawageuza, hata Wazambia wakija na haraka zao nawageuza."

Ruti akacheka. Tangu msiba sikuwa nimemsikia akicheka. Tukageuka, tukatazama ukuta wenye kalenda ya zamani kama watoto walioadhibiwa, na yule mzee akaanza kupiga nyuma yetu.

La kwanza sauti yake ilitoka haraka ikafa haraka. Uzi wa kwanza unapiga kelele, wa sita unanong'ona. "Hilo ni jipya," nikasema, "na rangi wamelipaka nene, limeshindwa kupumua." La pili lilikuwa na tumbo kubwa, nililisikia kifuani kabla ya masikioni. Besi nzito, tamu, ila uzi wa tatu ulikuwa unakwaruza akibana karibu na kichwa. "Hilo limetumika, na shingo imejipinda kidogo. Linarekebishika." La tatu lilikuwa safi kabisa, kila uzi unajitaja, lakini dogo, waimbaji thelathini wangelimeza lote na bado wana njaa.

"Loo!" yule mzee akasema. "Wewe kaka umetoka wapi na sikio hilo?"

Nilifurahi, sikatai. Mtu yeyote hupenda kusifiwa kwa kile anachojisifia. Ruti akachagua la pili, mimi nikakubali, na yeye akatoka kwenda duka la jirani kuangalia vitambaa vya sare. "Rekebisheni hiyo shingo, narudi sasa hivi," akasema.

Laiti angebaki.

Abdulswamad akalaza gitaa la pili mezani akaanza kulegeza nyuzi. Mimi nikazungusha macho. Nyuma ya pazia, juu ya kabati, niliona kichwa cha gitaa jingine.

"Na lile?"

"Lile siuzi. Ni langu."

"Si unitajie bei tu, mzee."

"Hata uniletee lori zima. Lile siuzi." Akanitazama, akatabasamu. "Lakini kwa sikio lako nitakupigia. Nataka nione utasema nini. Haya, geuka."

Nikageuka. Nikamsikia anavuta kiti, anapanda, anashuka. Akapangusa vumbi kwa kiganja. Akakaza uzi mmoja. Kisha akapiga, na alipofika uzi wa tano, gitaa likakohoa.

Kh. Halafu likaimba.

Nilimwona Sadoki na kichwa chake kilichovimba, nikaona ile damu ya puani inavyotoka na kurudi. Nyuma yangu mtu alikuwa anapiga gitaa la baba yangu kwa raha zake, ananitega nilisifu. Akarudia uzi wa tano. Likakohoa tena.

Nikageuka. Rangi haikuwa ile. La baba lilikuwa la kahawia, hili limepakwa nyeusi. Nikajiambia, wamelipaka. Mwizi gani hapaki rangi?

"Umelitoa wapi?" nikamuuliza.

"Hili? Lilikuwa limevunjika, nikatengenezewa. Kuna fundi mmoja wa huko kwenu Mbozi, wa Iyula. Sadoki. Maskini, alikuja—"

Hakumaliza. Jina la kaka yangu mdomoni mwa mtu yule lilinitia wazimu. Nilimpiga ngumi ya sikio la kushoto kwa nguvu zangu zote, na nina nguvu, nimebeba magunia maisha yangu yote. Kofia ikaruka. Akaanguka juu ya spika, gitaa amelikumbatia lisivunjike. Hilo nalo likanipandisha mori zaidi: anakumbatia gitaa la baba yangu! Nikampokonya. Nikamshika kola nikamburuta hadi nje, damu imeanza kumtoka sikioni, inachuruzika shingoni.

"Angalia ndani ya gitaa, ndugu yangu! Chungulia kwenye tundu, utaona!" alikuwa anasema. "Wallahi, chungulia!"

Sikuchungulia. Nilikuwa na gitaa mkono mmoja na kola yake mkono wa pili. Ilikuwa kazi ya kuinamisha kichwa tu. Badala yake nikapaza sauti katikati ya Tunduma, saa tano asubuhi, nikapiga kelele neno ambalo likishakutoka halirudi.

"Mwizi! Mwizi! Huyu ndiye aliyemuua kaka yangu!"

Hujawahi kuona watu wanavyokuja. Walitoka gereji na spana mikononi. Walishuka kwenye malori. Bodaboda waliziacha pikipiki zinanguruma wakaja mbio. Hakuna aliyeniuliza mimi ni nani. Hakuna aliyeniuliza kaka yangu nani. Wa kwanza kufika alikuwa dereva wa bodaboda, kijana mnene, wenzake walikuwa wanamwita Deus. Alikuwa na ubao wenye msumari. Akampiga nao kichwani upande wa kulia, nyuma ya sikio, nikasikia mfupa. Nimekwambia nina sikio. Niliusikia ule mfupa, na bado nausikia.

Yule mzee alipiga magoti. Mtu wa gereji akampiga mkanda wa feni usoni, ngozi ya shavu ikafunguka. Mwingine akamrukia mgongoni kwa miguu miwili. Mawe yakaanza kuja, madogo kwanza, halafu makubwa, lile kubwa kabisa lilitoka kwa mama mmoja aliyeweka kwanza beseni lake la ndizi chini vizuri zisimwagike. Abdulswamad alikuwa anajaribu kusema kitu. Meno yalikuwa yametoka, maneno hayashiki. Na mimi, Mungu anisamehe kama anaweza, nilifurahi. Nakwambia ukweli. Nilisimama na gitaa kifuani nikasema moyoni, Sadoki, unaona? Nimelipata, kaka. Nikaenda nikampiga teke la mbavu. Nikampiga la pili. Kisu nilikisahau mfukoni, sijui ni bahati ya nani.

"Tairi!" mtu akaita. "Lete tairi!"

Likaja linavingirishwa kutoka gereji. Deus akawa ameshafungua mpira wa tenki la pikipiki yake, anakinga petroli kwenye chupa ya maji. Mimi niliiona ile chupa inajaa. Sikusema kitu.

Hapo ndipo Ruti alipofika. Alikuwa na vitambaa vya sare mkononi, vya bluu. Alisukuma watu kwa viwiko, akamwona yule mzee chini, akaniona mimi na gitaa. Hakupiga kelele. Aliviacha vitambaa vikaanguka, akajilaza juu ya yule mtu, kifudifudi, kama mama anavyomfunika mtoto mvua ikija ghafla. Jiwe lililokuwa limesharushwa likampata begani. Nilimwona anavyokunja uso. Hakunyanyuka.

"Mama toka hapo! Huyo ni muuaji!"

"Nani kasema?"

"Huyu hapa! Kaka wa marehemu!"

Akageuza shingo akanitazama. "Tuntufye. Umejuaje?"

"Gitaa, shemeji! Gitaa la Sadoki! Linakohoa! Nimelisikia kwa masikio yangu, linakohoa uzi wa tano! Wamelipaka rangi!"

Sitasahau uso wake. Nilidhani atalia, au ataamka ampige teke na yeye, alikuwa na haki kuliko sisi wote. Badala yake alifumba macho kama mtu aliyechoka sana.

"Lete hapa."

Nikampelekea. Bado amemlalia yule mtu, akatoa simu, akawasha tochi, akaielekeza kwenye tundu la gitaa. Akatazama. Kisha akasoma kwa sauti, ile sauti yake ya kiongozi wa kwaya inayofika mwisho wa kanisa, watu wote wakasikia:

"Ubavu wa mkahawa. Kwa rafiki yangu Abdulswamad wa Tunduma. Usiliuze hata ukiishiwa. Sadoki, Iyula."

Kwa penseli. Na tarehe, ya miaka mitatu nyuma. Nilichungulia nikaona mwenyewe, mwandiko wa kaka, ile herufi ya S anayoiandika kubwa kupita zote. Gitaa la baba halikuwahi kuandikwa kitu ndani.

"Unajua ametengeneza magitaa mangapi?" Ruti akaniuliza, polepole, kana kwamba tuko jikoni. "Kumi na moja. Yote aliyatia ubavu wa mkahawa, yote mfupa wa ng'ombe. Yote yanakohoa, Tuntufye. La Ihanda linakohoa. La Ruanda linakohoa. Watu wanayajua, wanayaita magitaa ya Sadoki. Miaka tisa ungekuja nyumbani hata Krismasi moja, ungejua. Mwaka huu wote ungekaa kanisani dakika tano tu, ungejua."

Basi. Tairi lilikuwa limelala pale chini. Deus alikuwa wa kwanza kuondoka. Aliimwaga petroli mchangani, akafuta mikono kwenye suruali, akawasha pikipiki. Wengine wakafuata. Mama wa ndizi akajitwika beseni. Dakika mbili hazikupita, pale palikuwa na watu watatu tu, na mmoja wao sina hakika kama alikuwa anapumua. Wale wote niliowaita kwa neno moja walikuwa wametoweka, na neno lenyewe limebaki na mimi.

Tulimpakia kwenye bajaji, kichwa chake kwenye mapaja ya Ruti. Vile vitambaa vya bluu tulimfungia kichwa. Polisi walinichukua hospitali pale pale, na sikubisha. Nilikaa ndani wiki mbili mpaka nilipopata dhamana. Kesi ipo, nahudhuria, itaamuliwa siku itakapoamuliwa. Mahabusu walinipiga usiku wa kwanza baada ya kusikia nilichofanya, na ule ndio usingizi pekee mzuri niliowahi kuupata tangu siku ile.

Niliporudi Iyula nilikuta gitaa lile jeusi limetundikwa sebuleni. Polisi walikuwa wamemaliza nalo. Ruti alikuwa amelifuta damu na kulitia nyuzi mpya.

"Utalirudisha mwenyewe," akaniambia. "Siendi na wewe. Na mzee wa kanisa simtumi."

"Ataniua mke wake."

"Akikuua, tutakuzika."

Nikaenda. Nimewahi kuvuka mpaka na magendo, nimewahi kupigana na watu watatu nyuma ya baa, sijawahi kuogopa kama siku hiyo. Nilipita ile njia ya gereji na gitaa mkononi, mchana kweupe. Deus alikuwa kijiweni na wenzake. Akaniona, akanyanyua kidevu akatabasamu.

"Vipi bro, leo hatuna mwizi?"

Wenzake wakacheka. Nilisimama. Damu ilipanda mpaka machoni, mkono ukakunja ngumi wenyewe. Kisha nikaona kuwa mkono uliokunjika ni ule ule, nikaukunjua, nikaendelea na safari.

Mke wa Abdulswamad anaitwa Zuleha. Alifungua mlango, akaona gitaa, akajua. Alinipiga kofi la kwanza, kofia yangu ikaanguka. Akanipiga la pili kwa mkono wa pili. Mama mtu mzima yule, mikono yake ilikuwa na unga, na unga ukanibaki usoni. Nilisimama nipigwe la tatu, halikuja. Alianza kulia, akasogea mlangoni, akanionyesha ndani kwa kidole.

Abdulswamad alikuwa amekaa kwenye mkeka, ameegemea mto. Shavu lilikuwa limeshonwa vibaya. Meno ya mbele hakuna. Mkono mmoja umefungwa. Nikapiga magoti, nikaweka gitaa chini, nikaanza kusema. Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima kutoka Iyula. Nilisema yote, nilimwambia habari za baba, za baiskeli, za Sadoki na nondo, za kiapo changu makaburini, nikasema sikuchungulia, mzee wangu, uliniambia nichungulie na mimi sikuchungulia, nikalia mpaka kamasi zikanitoka. Yeye alikuwa ananitazama mdomo. Zuleha aliniacha nimalize mpaka mwisho.

"Hasikii," akasema.

"Mama?"

"Hasikii kitu. Masikio yote mawili. La kushoto limepasuka kabisa, la kulia daktari anasema mfupa umeingia ndani. Huyu mtu aliyekuwa anawageuza watu ukutani." Akafuta macho kwa mgongo wa mkono. "Na hajui wewe ni nani. Siku ile haikumbuki, anakumbuka alfajiri aliswali, basi."

La kushoto ni langu.

Abdulswamad akasema kwa sauti kubwa mno, ile sauti ya mtu anayeita mwenzake ng'ambo ya barabara: "Zuleha! Huyu nani?"

Zuleha akachukua daftari la shule lililokuwa kando ya mto, na penseli, akanitupia magotini.

"Mwandikie," akasema. "Mwandikie mwenyewe."

Vitu vyote nilivyosema na machozi yale havikufaa kitu kwenye karatasi. Mwisho niliandika mistari mitatu tu: Mimi ni mdogo wake Sadoki. Mimi ndiye niliyekuitia mwizi. Nilidhani ni gitaa la kaka yangu. Nikampa.

Alisoma akisogeza midomo. Alisoma tena. Nilisubiri anitemee mate, anirushie daftari, chochote. Alinitazama usoni, nadhani alikuwa anamtafuta Sadoki humo, na tunafanana, kila mtu anasema.

"Ulilipata?" akaniuliza kwa ile sauti kubwa. "Lile la kaka yako. Ulilipata?"

Nikatikisa kichwa.

Akaguna. Akanyoosha mkono ule mzima, akalivuta gitaa jeusi mpaka mapajani. Akalilaza shavu lake lililoshonwa juu ya tumbo la gitaa, akafumba macho, akapiga uzi wa tano kwa kidole gumba. Kh, halafu likaimba, chumba kizima. Akapiga tena. Alikuwa amekunja uso, kama mtu anayesikiliza hatua za mgeni uwanjani. Akapiga mara ya tatu. Kisha akafumbua macho akanigeukia mimi, si mke wake, mimi.

"Bado linakohoa?"

Zuleha aligeukia ukutani. Nikaokota penseli nikaandika: Ndiyo.